Keti Kwanza, Uhesabu

Wapendwa katika Bwana, na hasa ninyi mama zetu wa Moa na pwani yote ya Tanga, salamu.

Bwana Yesu alinena habari za mtu ajengaye mnara, kwamba yampasa kwanza kuketi na kuhesabu gharama. Neno hili lamfaa pia mama aliyeambiwa na tabibu kwamba titi lake lina saratani. Uvimbe ukiwa mdogo bado, njia huwa mbili: kuondolewa uvimbe tu na kutibiwa kwa mionzi, au kuondolewa titi lote. Mwaka 2002 matabibu wa Marekani na wa Italia walitoa habari za wanawake waliofuatwa miaka 20: wa njia hizo mbili waliishi sawasawa. Basi aliyebakiza titi hakuutupa uhai wake, wala aliyelitoa hakupungukiwa imani.

Lakini hesabuni. Pasipo mionzi, ugonjwa hurudi titini mara nyingi zaidi. Nayo mionzi ni kazi ya majuma, mbali na kwetu, kama kule Ocean Road, Dar es Salaam. Nani atampokea huko? Nani atawatunza watoto nyumbani? Haya yaulizwe kabla ya kisu, wala si baada yake.

Enyi waume na wazee, msimwamulie. Mwili ni wake. Fungu lenu ni nauli, watoto na sala. Wala msimkawize, maana ugonjwa haungoji baraza.

Neema ya Bwana iwe nanyi. Amina.