Mwandishi wa Khabari na Nasaha ya Mtawala Wakati wa Vita

Je, yafaa mwandishi aliyepata khabari ya vita vya nchi yake amwendee mtawala kutaka nasaha kabla ya kuichapa? Wapo wasemao kuwa haifai kabisa, kwani afanyaye hivyo ameshaiuza kalamu yake. Na wapo wasemao kuwa ni wajibu, kwa kuwa mtawala anayajua asiyoyajua mwandishi. Kauli zote mbili zimepita mpaka, na hayo yanabainishwa na mambo mawili yaliyotokea Marekani katika zama za Rais John F. Kennedy.

La kwanza ni la Aprili 1961. Tad Szulc, mwandishi wa gazeti la New York Times, aligundua kuwa Wakuba waliokimbia nchi yao wanafunzwa vita ili waishambulie Kuba, kwamba shambulio li karibu, na kwamba shirika la ujasusi la Marekani lina mkono humo. Wakubwa wa gazeti wakaukhofia usalama wa taifa. Khabari ilichapwa tarehe 7 Aprili, lakini baada ya kuondolewa hayo mawili ya mwisho. Tarehe 17, watu wapatao 1,400 waliteremshwa katika Ghuba ya Nguruwe. Zaidi ya 100 waliuawa na zaidi ya 1,100 wakatekwa. Tarehe 27 Kennedy aliwataka wenye magazeti wajizuie katika mambo ya usalama. Na ni yeye huyo huyo aliyemwambia mhariri Turner Catledge kuwa lau wangelichapa zaidi, wangeliiepusha nchi na kosa kubwa mno.

La pili ni la Oktoba 1962, makombora ya Kisovieti yalipogunduliwa Kuba. Gazeti lile lile lilikuwa limekwisha kuijua khabari, na Kennedy akamwomba mkuu wake, Orvil Dryfoos, aichelewesha mpaka yeye alihutubie taifa. Kwa mujibu wa Max Frankel, mwandishi wa gazeti hilo aliyesimulia kisa hiki mwaka 1971, wao walitaka kwanza ahadi: kwamba katika muda wa kunyamaza kwao hatamwaga damu wala hataanzisha vita. Akaahidi, na tarehe 22 Oktoba akawaeleza watu wake.

Tazama tofauti iliyopo. Kimya cha mwanzo kilitokana na khofu. Hakikuwa na sharti, na waliokwenda kufa hawakupata faida yoyote kwacho. Kimya cha pili kilikuwa na sababu inayojulikana, muda unaojulikana, na ahadi iliyotolewa.

Basi mwandishi na amuulize mtawala juu ya khatari, wala asimuulize juu ya ukweli. Na amuulize: ni nani atakayedhurika? Mpaka lini? Na nini kitatendwa wakati sisi tumenyamaza? Akijibiwa kwa uwazi, kuchelewesha ni busara. Ama akiona kuwa kinachofichwa ni aibu ya mwenye amri, hana ruhusa ya kunyamaza. Kwani khabari ni amana, na wenye amana hiyo ni wale ambao watoto wao watapelekwa vitani, na wale ambao nyumba zao zitapigwa. Wala mtawala hawezi kumsamehe mtu deni ambalo si lake.