Je, Furaha Ndogo za Wenye Ndoa ni Upotevu?

Katika mafundisho ya ndoa huulizwa mara nyingi juu ya mambo makubwa: mahari, watoto, uaminifu, kifo. Mambo madogo hayaulizwi sana. Walakini siku ya arusi ni moja tu. Siku zinazoifuata ni maelfu, nazo ni siku za kuteka maji, kuwasha makala, kwenda kazini, kurudi, kula na kulala. Basi yafaa kuuliza: furaha ndogo zilizomo katika siku hizo, yaani chakula kitamu cha jioni, maongezi na jirani, matembezi ya Jumapili, kicheko cha wawili, je, ni haki ya wenye ndoa, ama ni upotevu wa wakati na wa mali?

Na tuweke mfano ili neno lieleweke. Mume kijana wa Goma hupakia viazi na makala juu ya chukudu, na kushuka nayo kwa barabara ya Rutshuru hata sokoni. Mke wake hununua sambaza alfajiri katika soko la Kituku, kando ya ziwa, na kuziuza mitaani. Wameoana tangu mwaka mmoja. Wanakaa katika chumba cha mbao cha kupanga, nao wanatamani sana kununua kiwanja na kujenga nyumba yao. Jumamosi moja mke abakiza sahani mbili za sambaza, asema: "Mume wangu, leo tuzikaange. Tuwaite wale jirani waliotusimamia siku ya arusi, tule pamoja." Mume ajibu: "Mke wangu, sahani mbili ni bei ya misumari. Tutafurahi tukiisha kujenga." Yupi katika hao wawili amesema kweli?

Asidhani msomaji kwamba mume huyu ni mchoyo. Neno lake lina akili. Wazee walisema akiba haiozi, na haba na haba hujaza kibaba. Mtu asiyeweka kitu, mtoto wake akiugua usiku atagonga mlango wa nani? Basi ni kweli kwamba lazima kuweka akiba, na ni vema mume kijana afikiri juu ya misumari na mabati. Amekosea mahali pamoja tu. Amesema, "Tutafurahi tukiisha kujenga." Amefanya furaha kuwa mshahara wa nyumba, na kumbe nyumba yenyewe hujengwa ili watu waishi ndani yake kwa furaha. Ni kama mtu atengenezaye sufuria miaka kumi bila kupika hata siku moja.

Tena mji wa Goma wenyewe wafundisha neno hili kwa ukali. Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa Nyiragongo ulipasuka. Mto wa moto ulipita katikati ya mji, ukaharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu pamoja na nyumba maelfu. Watu wapatao 300,000 au zaidi walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka kuingia Gisenyi. Siku chache zilipopita wengi walirudi, wakaanza kujenga juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na joto. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima ulipasuka tena, vijiji vya kaskazini mwa mji vikaungua; na tarehe 27 ikatoka amri mitaa kumi ya mji ihamwe. Watu walikwenda Sake, na Rutshuru, na ng'ambo ya mpaka, na wengine Bukavu kwa meli. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia mjini, na mabenki yakafunga milango. Mtu aliyekuwa ameweka akiba yake humo hakuweza kuigusa.

Je, maana yake ni kwamba kujenga ni bure, na kwamba afadhali watu wale vyote leo? Hapana. Waliokuwa na vifaa na akiba kidogo ndio waliowahi kuinua tena kuta zao, hata kwa kuyapasua mawe yale yale ya volkano. Maana yake ni nyingine. Usiku wa kukimbia hakuna abebaye nyumba mgongoni. Mume na mke huchukua mtoto, godoro, sufuria, na nafsi zao wawili. Kama katika miaka yote ya kujenga hawakujifunza kuwa rafiki, hukimbia kama wageni wawili waliochukua godoro moja. Lakini kama walijifunza, basi iko akiba waliyoitoa motoni, nayo haikuhitaji kufungwa katika mzigo.

Wenye hekima wa zamani walilifikiri jambo hili. Aristotle, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristu, alifundisha kwamba uko urafiki wa aina tatu: urafiki wa faida, urafiki wa furaha, na urafiki wa wema. Katika urafiki wa faida, mtu ampenda mwenzake kwa sababu apata kitu kwake. Katika urafiki wa furaha, ampenda kwa kuwa wakiwa pamoja huona raha. Katika urafiki wa wema, ampenda kwa ajili yake mwenyewe, na amtakia mema. Naye alisema kwamba urafiki wa mume na mke waweza kuwa na zote tatu.

Sasa azitazame msomaji ndoa za kijijini kwake. Ziko zilizosimama juu ya faida peke yake: mume aleta faranga, mke apika na kuzaa. Ndoa hiyo yaonekana imara siku kazi zinapokwenda vizuri. Lakini mume akivunjika mguu, asiweze tena kusukuma chukudu, je? Miaka mitatu ikipita bila mtoto, na jamaa wakianza kunong'ona na kumwambia mume amrudishe mke kwao, je? Hapo faida imekatika, na ndoa iliyosimama juu yake yayumba. Ikiwa wawili hao hawakupata kamwe kucheka pamoja, wala kuketi jioni na kusimuliana habari za mchana, watashikwa na kamba gani? Furaha ndogo ni nyuzi nyembamba. Uzi mmoja hauna nguvu, lakini nyuzi nyingi zikisokotwa siku kwa siku zafanya kamba yenye kuhimili mzigo.

Wengine hupinga wakisema: mtu mwema hana wakati wa kucheza. Mtakatifu Thomas wa Aquino, aliyekufa mwaka 1274, alijibu neno hili kwa hadithi aliyoipata katika maandishi ya Cassian. Watu walimkuta Mtume Yohane akicheza na wanafunzi wake, wakachukizwa. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, na mwingine, na mwingine. Kisha akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo pasipo kupumzika. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Yohane akasema kwamba ndivyo ilivyo roho ya mtu isipolegezwa kamwe. Basi mume asukumaye chukudu siku sita na mke apigaye mbio na beseni la sambaza siku sita, wote wawili ni pinde. Kuwalegeza kidogo si uvivu.

Liko pingamizi lingine, nalo ni zito kuliko la kwanza: je, si aibu kufurahi mahali ambapo wengine wanalia? Goma imepokea wakimbizi kwa miaka mingi, tangu mwaka 1994 Wanyarwanda walipovuka mpaka, mpaka siku za hema za Kanyaruchinya na Bulengo. Kaangio likilia katika nyumba moja, kwa jirani kuna watoto waliolala bila kula. Jibu ni hili: furaha ifungayo mlango ni aibu kweli, lakini furaha ifunguayo mlango ni msaada. Mke wa mfano wetu hakusema, "Tule sisi wawili gizani." Alisema, "Tuwaite jirani." Tena Kristu mwenyewe alipokwenda arusini Kana, hakuwalaumu watu kwa kutaka divai wakati nchi yao ilikuwa chini ya Warumi. Aliwapa divai, na iliyo njema.

Na hapa ndipo urafiki wa nje unapoingia katika nyumba ya wenye ndoa. Mwaka 2002, na tena mwaka 2021, wengi waliokimbia walilala katika nyumba za jamaa na rafiki. Mlango unaofunguliwa usiku wa manane kwa kawaida ni mlango uliozoewa tangu mchana. Methali yasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki; lakini rafiki huyo hapatikani siku ya dhiki. Hutafutwa siku za amani, kwa sahani ya sambaza, kwa kuazimana chumvi, kwa kusaidiana kubeba bidoni za maji toka ziwani. Kwa hiyo sahani mbili za Jumamosi hazikuwa bei ya misumari tu. Zilikuwa pia msumari wa aina nyingine.

Wala rafiki na akiba si maadui. Wanawake wa soko wanalijua neno hili vizuri katika likelemba zao: kila mmoja atoa sehemu yake, na kila mmoja apokea kwa zamu. Likelemba haiendi kwa hesabu peke yake. Yaenda kwa kuaminiana, na kuaminiana huzaliwa katika mazungumzo.

Lakini si kila liitwalo raha ni jema. Mume anywaye mshahara wa juma peke yake katika baa, na kurudi akidai chakula, amejifurahisha, hakuifurahisha ndoa. Mke akopaye kikwembe kipya kwa siri ili aonekane na wenzake, atakilipa kwa uongo mwingi. Rafiki anayemwambia mume, "Usimwambie mkeo," ama anayemwambia mke, "Mumeo asijue," hafai kuitwa rafiki wa nyumba ile. Kila mmoja na awe na rafiki zake wa tangu utoto, maana ndoa haiamuru kuwatupa. Lakini wawe watu wanaoweza kuketi mbele ya wote wawili.

Basi alama tatu za furaha njema ya wenye ndoa ndizo hizi. Ya kwanza, yajulikana na wote wawili. Sheria ya jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya tendo la kisheria. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka mapatano ya wote wawili mahali pa ruhusa hiyo. Yafaayo mbele ya serikali yafaa zaidi mbele ya kaangio: wapatane. Ya pili, haileti njaa ya kesho. Ya tatu, yaacha mlango wazi kwa mwingine.

Na hasara ya kukosa furaha hizo huja kimyakimya. Watu wa Goma wanaijua mazuku, ile hewa ya ukaa itokayo ardhini. Haina rangi, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hulala mabondeni na mashimoni. Mbuzi hushuka kula majani, asirudi. Kinyongo kisichosemwa kati ya mume na mke hufanana nayo. Hakuna ugomvi, hakuna kelele, jirani hawasikii neno, na upendo wafa pale chini. Mazuku hutawanywa na upepo. Kinyongo hutawanywa na maongezi. Wawili waliozoea kuongea mambo madogo kila jioni watapata njia ya kusema hata lililo gumu. Wasiozoea, watalianzia wapi?

Mume na mke wa mfano wetu wafanyeje, basi? Wahesabu pamoja faranga za juma. Watenge kwanza sehemu ya kodi na ya chakula, kisha sehemu ya kiwanja, nayo wasiiguse. Halafu watenge sehemu ndogo, hata ikiwa ndogo mno, ya Jumamosi jioni. Kama juma hilo hakuna kitu, watembee tu mpaka ziwani Jumapili baada ya Misa, wayatazame maji, wasalimiane na watu. Na sambaza zikipatikana, wazile kwa shukrani, wakikumbuka kwamba wavuvi wamekesha usiku kucha juu ya maji kwa mwanga wa taa ili chakula hicho kifike.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Swali: Je, furaha ndogo za wenye ndoa ni upotevu?
Jibu: Hapana. Zikiwa njema, ni sehemu ya kazi ya ndoa yenyewe, kwa kuwa zawafanya mume na mke kuwa rafiki.

Swali: Je, zaondoa wajibu wa kuweka akiba?
Jibu: Haziuondoi. Akiba hutengwa kwanza, na furaha hukatwa kwa kipimo.

Swali: Furaha njema hujulikanaje?
Jibu: Kwa alama tatu: yajulikana na wote wawili, haileti njaa ya kesho, na haimfungii jirani mlango.

Swali: Kwa nini isingojewe mpaka nyumba iishe?
Jibu: Kwa sababu nyumba yaweza kuungua usiku mmoja, bali urafiki wa mume na mke, pamoja na wa jirani zao, ndio utakaowasaidia kuijenga tena.