Kabla ya Kuomba Kura

Wajukuu wangu, ninyi mnaolima na kufuga huku mkitamani kiti cha ubunge Kinshasa, sikilizeni habari za Édouard Mwangachuchu. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe hapa Masisi. Chuki dhidi ya Watutsi ilipopamba moto miaka ya 1990 alikimbilia Marekani, kisha akarudi, kampuni yake ikapata kibali cha kuchimba madini ya koltani huko Rubaya, na mwaka 2011 akachaguliwa mbunge wa taifa. Machi 2023 alikamatwa. Oktoba, mahakama kuu ya kijeshi ikamhukumu kifo kwa uhaini na kushirikiana na waasi wa M23. Mwenyewe alikana. Mimi simhukumu mara ya pili.

Ninalotaka mlione lilikuwepo kabla ya kesi. Mtu mmoja alishika mifugo, mgodi na kiti. Wachimbaji wa ushirika wa Cooperamma walipovutana na kampuni yake juu ya koltani ya Rubaya, wampelekee nani malalamiko? Aliyetumwa kuwasemea ndiye waliyekuwa wakivutana naye.

  

Hata hivyo, kazi ya mkulima bungeni ipo, tena kubwa. Sheria ya ardhi ya 1973 ilifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali. Kifungu chake cha 389 kikaahidi amri ya rais kuhusu haki za wanaolima kwa mila. Miongo ikapita, amri haikutoka. Mwenye pesa alijitafutia hati mjini, na aliyegawiwa shamba na mwami, chifu wa kimila, akajikuta kibarua palepale alipozikwa babu yake. Mauaji yaliyoanzia soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993, yakafika mpaka huku kwetu, yalikuwa na ugomvi wa uraia na wa utawala wa kimila. Lakini shamba lilikuwemo.

Basi anayetaka kugombea awatangazie wanakijiji ana hekta ngapi, hati aliipata wapi, na nani alilima pale kabla yake. Akishinda, mgodi awaachie wengine. Na mkija kwangu kuomba baraka, nitawauliza mtafanya nini na Kifungu cha 389. Kabila sitauliza.