Je, Ni Mapenzi ya Mungu?

Mtoto akifa kwa homa au kuhara katika vijiji vyetu vya ziwani, hapa Mwanza, twasema, "Ni mapenzi ya Mungu." Nami nimelisema neno hilo makaburini. Lakini hesabu ya taifa ya mwaka 2004-05 yaonyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 43. Je, Mungu amegeuka? Hasha! Vyandarua na chanjo vimeongezeka. Tena maskini humnywesha mwanawe maji ya ziwa yasiyochemshwa, maana kuni zauzwa. Mwenye mali huchemsha. Mtoto wa jirani yangu alikosa nauli ya mtumbwi mpaka zahanati. Siku ile nauli ilikuwamo mfukoni mwangu. Sikuulizwa, wala mimi sikuuliza.