Kijana Hujifunzaje Kujizuia?



Twawakataza vijana wetu pombe, ugomvi na zinaa, kisha twashangaa wakianguka. Je, mtu huweza kujizuia kwa kukatazwa tu?

Hapa Engaresero, chini ya Oldonyo Lengai, Wamaasai wana desturi ya zamani: morani hanywi maziwa peke yake. Njaa ikimbana, na kibuyu ki mkononi, humngoja mwenzake. Jambo dogo! Lakini hivyo huizoesha njaa yake kumsubiri mtu mwingine, siku hata siku. Tena wako wazee wa marika mawili juu yao, waliowawashia moto wa kuanzisha rika. Morani wakikosa, wazee hao huulizwa. (Kweli, rika hilo hilo liliwafundisha pia wizi wa ng'ombe. Si kila la zamani lilikuwa jema.)

Sasa kijana huenda Arusha, Dar es Salaam, hata Zanzibar kulinda majumba ya watu. Mshahara u mfukoni, kilabu ki jirani, na hana wa kumngoja. Kumtumia maonyo ni rahisi. Kazi ni kumpata mzee mmoja hukohuko mjini atakayekubali kuulizwa habari zake, na kumpata kabla kijana hajapanda basi.