Mashine ya Baba, Paa la Mama

Wapendwa, je, ni vyema kutumia fedha kufufua kitu kilichoharibika kwa sababu tu kilikuwa cha mtu tuliyempenda?

Nyumbani kwetu Mchukwi ipo Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyotoka mwaka 1982. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 64 tu. Picha moja ya simu ya leo haienei humo. Lakini nchi yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, na hata baadaye watu wengi hawakuwahi kuiona. Marehemu baba, mwalimu, alipewa na mgeni alipokuwa akifundisha Dar es Salaam. Jioni alituketisha mbele yake, akatufundisha kuandika amri moja moja. Alipostaafu alirudi nayo kijijini.

Mwaka jana niliikuta haiwaki. Fundi alinionya nisiijaribu tena: adapta ya umeme ya mashine hizi ikichakaa huweza kupitisha umeme unaozidi volti 5 zinazotakiwa, ikaunguza chipu za kumbukumbu. Kazi yote alitaka shilingi 150,000. Nilikuwa nazo. Nikajiambia, huku ndiko kumheshimu baba.

Usiku ule mvua ilinyesha. Nikamsikia mama akiburuta ndoo gizani, akiitega chini ya bati lililotoboka. Hakuniamsha. Alikwisha kuzoea.

Amri ya Nne haimtaji baba peke yake. Na katika Marko 7, Bwana Yesu anawakemea watu waliotumia jina la wakfu kukwepa kuwasaidia wazazi wao. Kumbe hata jambo jema laweza kuwa maficho. Ni rahisi kumpenda aliyekufa: hanyeshewi, hana njaa, wala hatuombi kitu. Aliye hai ndiye anayetugharimu.

Sisemi kutengeneza vitu vya kale ni dhambi. Kutunza ni kushukuru, na kutupa ovyo si hekima. Ila kabla ya kumlipa fundi tujiulize: ni nani ananyeshewa wakati mimi natengeneza?

Fedha zile zilinunua bati na misumari. Nilipomuuliza mama kama tuitupe mashine, alisema, “Usiitupe, mwanangu. Iweke pakavu.”

Sasa nyumba nzima ni pakavu. Mashine bado haiwaki, nami sijaona haraka.