Nani Aliyeyachota Maji?

Kipupwe cha pwani si baridi ya kutisha. Lakini ukiamka saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai katika delta ya Rufiji, upepo wa kusi ukipenya kwenye bafu la makuti, utajua kwamba kuoga kwa ndoo na kopo kunahitaji moyo. Maji ya mvua yaliyokingwa wakati wa masika yamekwisha. Mto uko karibu, lakini bahari inapojaa hupanda nao, na maji ya chumvi hayatoi povu la sabuni. Anayetaka maji matamu huenda kisimani, mbali, au hupiga kasia kuelekea juu ya mto. Kisha zitafutwe kuni.

Asubuhi moja ya kipupwe, katika darasa la kipaimara, tulimwona kijana mwenye vumbi miguuni na shati linalonuka jasho. Tulimkemea mbele ya wenzake. Tulimwambia kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, naye amelileta likiwa chafu. Alinyamaza. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili yake.

Tulipokwenda kwao tulimkuta bibi yake kitandani, hajiwezi, lakini shuka lake safi na ngozi yake imepakwa mafuta. Mama yake alitueleza bila kulalamika: "Mchungaji, kwa siku tunapata ndoo mbili. Moja ya kupikia na kunywa. Nyingine tunaipasha moto, tunamwogesha bibi, maana akilala hivi bila kuogeshwa atatoka vidonda." Aliyezibeba ndoo zote mbili siku ile ni kijana. Kisha akaja darasani kama alivyokuwa.

Tuliondoka tukijiuliza nani hasa alikuwa amelichafua hekalu. Sisi tulikuwa tumeoga maji ya moto asubuhi ile, na hatukuyachota.

Hatusemi kwamba usafi ni jambo dogo. Kipindupindu hakimwonei mtu haya, na uvivu upo. Lakini tumezoea kuuhesabu usafi kuwa sifa ya mtu binafsi, na uchafu kuwa dhambi yake. Mafuriko ya Aprili 2024 hapa Rufiji na Kibiti yalipaswa kutufundisha: maji yalizingira nyumba za watu, na bado maji safi yakawa shida. Je, hao nao walikuwa wavivu? Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mara nyingi iko kichwani mwa mama au binti. Wengi wetu tunaoitwa wasafi tumesafishwa kwa shingo za wengine.

Usiku ule Bwana alipowaosha wanafunzi miguu, tunakumbuka karai na kitambaa. Tunamsahau mtu mmoja. Katika Luka 22 Yesu anawaambia Petro na Yohana wamfuate mwanamume aliyebeba mtungi wa maji, naye atawafikisha kwenye nyumba ya karamu. Jina lake hatuambiwi. Huenda maji yaliyoosha miguu ya Petro yalitoka katika mtungi ule, Maandiko hayasemi. Lakini maji ya karai yale hayakujileta yenyewe. Na aliyebeba mtungi alikuwa mwanamume, katika kazi ambayo hata siku zile ilikuwa zaidi ya wanawake.

Tulirudi kwa yule kijana tukamwomba radhi, mbele ya wenzake wale wale. Alirudi darasani. Siku hizi, kabla ya ibada, vijana wa kiume na mchungaji wao huenda kisimani na madumu. Ya kwanza hupelekwa kwa wagonjwa wa mtaa, yanayobaki huletwa kanisani.

Wapendwa, hata maji ya ubatizo wako kuna mtu aliyeyachota. Kabla hatujamwambia ndugu yetu akaoge, Bwana atujalie kuuliza kwanza kama ana maji, kisha tushike ndoo.